Muziki na picha vikiachana: tafuta chanzo kabla ya kusogeza chochote

"Kaka, muziki hauingii." Hivyo ndivyo ujumbe wa edita unavyokuja. Yeye yuko Nyali, mtunzi wa muziki yuko Majengo, filamu fupi ya dakika 12 imetumwa huku na huku, na hilo neno "hauingii" linaweza kubeba makosa mengi yasiyohusiana. Wengi wetu hukimbilia kushika kipande cha muziki kwa panya na kukisogeza mpaka kikae. Kinakaa pale, lakini dakika tatu mbele kimeachana tena na picha, kinasogezwa tena, na mwisho wa wiki hakuna anayejua kilikuwa wapi tangu awali. Kusogeza ni dawa ya ugonjwa mmoja tu kati ya magonjwa hayo. Mengine yote huyazidisha.

Kwa hiyo pima kwanza. Chagua matukio matatu ambayo muziki ulipangwa kuyapiga: moja mwanzoni, moja katikati, moja karibu na mwisho. Kwa kila tukio simamisha picha kwenye fremu yenyewe (fremu ni picha moja kati ya zile zinazounda filamu), angalia pigo la muziki liko wapi kwenye wimbi la sauti, uandike umbali kwa milisekunde au kwa fremu, na kama muziki umetangulia au umechelewa. Namba hizo tatu zikikaa mbele yako, zitakuonyesha njia.

Kabla hujapima, vua hedfoni za Bluetooth

Hili nalianza kwa sababu ni la dakika mbili na limewapotezea watu siku nzima. Hedfoni za Bluetooth huchelewesha sauti, mara nyingi kwa milisekunde 100 hadi 300 kulingana na aina yake. Kwenye filamu ya fremu 25 kwa sekunde, fremu moja ni milisekunde 40, kwa hiyo unaweza kuwa unahangaikia fremu tano ambazo hazimo kwenye mradi wako. Programu za kutazama video kwenye simu hujua ucheleweshaji huo na huisubirisha picha. Programu ya muziki kwa kawaida haifanyi hivyo. Tumia hedfoni za waya, au spika zilizounganishwa moja kwa moja na kadi ya sauti.

Televisheni nayo hufanya kinyume chake. Ukiunganisha kompyuta na televisheni kubwa sebuleni ili mwongozaji aone vizuri, televisheni hutumia muda kusafisha picha kabla ya kuionyesha, huku sauti ya spika zako imeshafika. Muziki utaonekana umetangulia. Weka televisheni kwenye hali ya michezo ya video, ambayo hupunguza usafishaji huo, au rekebisha ucheleweshaji wa picha ndani ya programu. Programu nyingi za utunzi zina sehemu ya kufanya hivyo.

Ukitaka hakika, tengeneza video fupi yenye fremu moja nyeupe na bipu ya fremu moja mahali pale pale. Icheze. Jicho na sikio vikipokea kwa pamoja, vifaa vyako viko salama, na kosa litafutwe ndani ya mradi.

Umbali ni ule ule mwanzo, kati na mwisho

Huu ndio ugonjwa mwepesi, na ndio pekee unaotibika kwa kusogeza. Filamu na muziki vinakwenda kwa kasi moja, ila vimeanza mahali tofauti.

Mara nyingi chanzo ni taimkodi, ile saa ya filamu inayohesabu saa, dakika, sekunde na fremu. Kwa desturi filamu haianzi kwenye sifuri bali kwenye 01:00:00:00, ili kubaki nafasi ya kuweka vitu kabla yake. Kimoja ni bipu ya fremu moja inayokaa sekunde mbili kamili kabla ya picha ya kwanza, yaani 00:59:58:00. Ukiona muziki umepishana na picha kwa sekunde mbili kamili, au nane, au kumi, ujue mtu mmoja amehesabu kuanzia bipu au kuanzia hesabu ya kurudi nyuma, na mwingine ameanzia picha ya kwanza. Ukipishana kwa saa nzima, mradi wako umeanzia sifuri.

Mwombe edita aichome taimkodi juu ya video yenyewe, pembeni, kwa herufi zinazosomeka. Kisha uiambie programu yako kwamba fremu ya kwanza ya faili ni taimkodi unayoiona pale. Usikisie. Faili likianza 00:59:50:00, andika hivyo hivyo.

Umbali wa fremu moja hadi mbili tu, ulio sawa kila mahali, una asili nyingine: faili la MP3 au AAC. Nitalirudia mwishoni.

Umbali unakua kadiri filamu inavyosonga

Hapa ndipo penye kazi, na hapa kikokotoo kinasaidia kuliko sikio. Chukua umbali uliopima mwishoni, ugawanye kwa muda uliopita tangu mwanzo. Jibu karibu kila mara litaangukia mahali patatu.

Likiwa moja kwa elfu, yaani sekunde 0.6 katika dakika 10, basi mmoja anafanya kazi kwa fremu 24 na mwingine 23.976, au mmoja 30 na mwingine 29.97. Hizo namba zenye desimali zilizaliwa Marekani mwaka 1953 televisheni ya rangi ilipowekewa kanuni: kasi ilipunguzwa kidogo ili mawimbi ya rangi na ya sauti yasiingiliane. Mitambo imebadilika, namba zimebaki, na kamera nyingi huandika 24 kwenye kioo huku ndani zikirekodi 23.976.

Likiwa nne kwa mia, sekunde 24 katika dakika 10, ni 24 dhidi ya 25. Hapa Kenya umeme wetu ni wa hezi 50 na televisheni imejengwa juu ya fremu 25, kwa hiyo kazi nyingi za Mombasa hupigwa kwa 25. Simu, kwa upande wake, hutoka kiwandani zikiwa kwenye 30. Halafu anakuja mtu aliyesoma kwamba sinema ya kweli ni 24, anaiambia programu ya uhariri iichukulie video ya 24 kana kwamba ni ya 25, na dakika 10 zinageuka dakika 9 na sekunde 36. Sauti iliyokuwa ndani yake hupanda kwa takriban asilimia 70 ya nusu toni. Mwimbaji mwenye sikio atakuambia kabla ya mashine.

Likiwa nane au tisa kwa mia, acha kuangalia fremu, angalia sampuli, yaani vipimo vidogo vya sauti vinavyochukuliwa kila sekunde. Sauti ya video hurekodiwa kwa sampuli 48,000 kwa sekunde. Muziki wa CD ni 44,100. Faili la 48,000 likichezwa kana kwamba ni la 44,100, dakika moja inarefuka kuwa sekunde 65.3, na udi uliotuniwa A ya hezi 440 unasikika kwenye hezi 404, karibu robo tatu ya toni chini. Hilo hutokea hasa pale programu nyingine, kivinjari kwa mfano, inapoigeuza kadi ya sauti chinichini wakati mradi wako umefunguliwa. Funga vingine vyote, weka mradi na kadi ya sauti kwenye 48,000, na faili lolote la 44,100 liingizwe kwa kubadilishwa, lisiingizwe kwa kudanganywa.

Kuna mtego ambao watu wengi hawauoni. Kwenye programu nyingi za muziki, ile sehemu ya mipangilio unapochagua fremu 24, 25 au 30 haibadilishi kasi ya video hata kidogo. Inabadilisha namba za saa tu. Video inacheza kwa kasi yake ya asili, muziki unakaa vizuri, unafurahi. Kosa linazuka pale unapomwandikia edita "kipande cha tatu kinaanza 01:07:22:19" na yeye anakiweka kwenye 01:07:22:19 ya saa yake. Linganisha taimkodi iliyochomwa juu ya picha na saa ya programu mahali patatu. Sekunde zikilingana lakini namba za fremu hazilingani, umechanganya 24 na 25. Sekunde zenyewe zikianza kuachana taratibu, umekutana na 23.976 au 29.97.

Mteja wa Marekani anaweza kukuletea 29.97 ya aina inayoruka namba, ambayo huandikwa kwa nukta-mkato kabla ya fremu. Hakuna picha inayotupwa pale. Namba 00 na 01 tu zinarukwa mwanzoni mwa kila dakika, isipokuwa dakika zinazogawanyika kwa 10, ili saa ya filamu ilingane na saa ya ukutani. Mmoja akihesabu kwa kuruka na mwingine bila kuruka, mwisho wa saa moja mna tofauti ya namba 108, yaani sekunde 3.6.

Tofauti ikiwa ndogo kuliko hizo zote, sehemu chache kwa laki, umerekodi kwa vifaa viwili visivyo na saa moja. Kinasa sauti cha mkononi na kamera kila kimoja kina saa yake ndani, na hakuna saa mbili zinazolingana kabisa. Tofauti ya sehemu 20 kwa milioni ni milisekunde 72 kwa saa. Kwa kipande cha dakika tatu usijisumbue. Kwa ngoma ya harusi iliyorekodiwa saa nzima bila kukatwa, gawanya sauti kwenye vituo vya kimya na uipange upya kila sehemu.

Umbali unayumba, hauna mpangilio

Mwanzo muziki umechelewa, katikati umetangulia, mwisho uko sawa. Shuku mambo mawili.

La kwanza ni video ya simu. Simu hazirekodi kwa kasi moja. Mwanga ukipungua, au kichakataji kikizidiwa, simu hupunguza fremu, kisha huzirudisha. Faili limeandikwa 30 lakini ndani lina 29 hapa na 24 pale. Fungua faili kwa MediaInfo, programu ya bure, utazame mstari wa kasi ya fremu. Ukiona neno Variable, yaani inayobadilika, umempata mchawi. Ipitishe video kwenye HandBrake, programu ya kugeuza video, chagua Constant Framerate (kasi isiyobadilika) na uandike 25, au kasi yoyote mliyokubaliana.

Lakini usigeuze faili peke yako kimyakimya. Ukifanya hivyo una filamu mpya isiyofanana na ya edita, na tofauti hiyo itakuja kukutana nanyi siku ya mwisho. Kugeuza ni kazi ya edita, tena kabla ya mkato wa kwanza. Mwambie pia asitume kwa WhatsApp kama video, kwani WhatsApp huibana upya. Akiambatisha kama dokumenti, faili hufika jinsi lilivyo.

La pili ni mashine iliyochoka. Video ya H.264, aina ya ubanaji wa video, huhifadhi picha kamili mara chache, na kati yake huandika mabadiliko tu, kwa hiyo kompyuta inakokotoa kila fremu huku imebeba ala zako zote. Inapozidiwa, sauti inaendelea na picha inabaki nyuma. Kipimo chake ni rahisi: icheze, ukiona imechelewa, simamisha. Picha ikiruka na kukaa mahali pake, mradi hauna kosa. Omba nakala nyepesi ya ukubwa wa 1280 kwa 720 katika kodeki (njia ya kubana video) inayohifadhi kila fremu kivyake, kama ProRes Proxy au DNxHR LB. Faili litakuwa kubwa kwenye diski na jepesi kwa mashine. Na kwa joto la hapa mwezi wa Machi, kompyuta ya mapajani iliyowekwa juu ya kitanda hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Iinue, feni iipulize.

Ni sawa hadi mahali fulani, kisha basi

Dakika nne za kwanza hazina doa. Kuanzia hapo kila kitu kimehama kwa sekunde 1.2, na kinabaki hapo mpaka mwisho. Edita amekata tena. Huenda aliondoa shoti moja ya bahari, huenda hata hakumbuki.

Usitafute kwa macho. Weka sauti ya video ya zamani kwenye mstari mmoja na ya video mpya kwenye mstari wa chini yake, zianze pamoja kabisa, kisha geuza polariti ya mmoja, yaani juu ya wimbi iwe chini na chini iwe juu. Sauti mbili zinazofanana zikigeuziana hufutana, kwa hiyo utasikia kimya, au mnong'ono hafifu kama faili zilibanwa. Cheza. Pale sauti inapolipuka ghafla, ndipo mkato ulipobadilika. Ondoa au ongeza urefu huo, kimya kinarudi, na unaendelea hadi mlipuko unaofuata. Filamu nzima inakaguliwa kwa muda wake wa kucheza, na unabaki na orodha ya mabadiliko ambayo hata edita hana. Shoti iliyobadilishwa bila kuguswa sauti haitajitokeza kwa njia hii, lakini hiyo nayo haikuhamishi.

Kila toleo lipewe namba na tarehe kwenye jina la faili. Na neno "picha imefungwa" liwe na maana. Ni haki ya mtunzi kuomba malipo ya ziada kwa mkato unaokuja baada yake, na ni vizuri hilo lisemwe kabla kazi haijaanza.

Nilibadilisha tempo, vyote vikahama

Hapa kosa halimo kwenye video. Programu ya muziki hupanga vitu kwa njia mbili: kwa mapigo au kwa muda wa saa. Kilichopangwa kwa mapigo kinahama tempo, yaani kasi ya mapigo, inapobadilika. Mazungumzo, mawimbi ya bahari, honi za matatu na alama za matukio lazima vifungwe kwenye muda. Kwenye Cubase kila mstari una kitufe kinachogeuka noti au saa, na hivyo vyote viwe saa. Kwenye Logic Pro unafunga nafasi ya SMPTE, yaani nafasi ya taimkodi. Reaper nayo inakuwezesha kuchagua kwa kila mstari. Mimi napendelea zaidi kila kipande cha muziki kiwe na mradi wake, ili tempo ya tukio la sokoni Kongowea isije ikagusa tukio la mazishi.

Na tempo yenyewe isikisiwe. Chukua tukio hili: feri ya Likoni inakaribia gati, muziki unaanza 01:01:50:00, na mlango wa chuma unabwagwa 01:02:14:08. Kwa fremu 25, fremu 8 ni sekunde 0.32, kwa hiyo umbali ni sekunde 24.32. Ulikuwa unatunga kwa mapigo 92 kwa dakika. Zidisha 24.32 kwa 92, gawanya kwa 60, unapata mapigo 37.29. Mlango unaanguka hewani, si kwenye pigo lolote. Unataka uangukie mwanzo wa baa ya kumi, yaani baada ya mapigo 36. Zidisha 36 kwa 60, gawanya kwa 24.32: tempo ni 88.82. Ukiandika 89 kwa sababu desimali zinakuudhi, dumbaki linatangulia chuma kwa milisekunde 50, zaidi ya fremu moja, na mtazamaji atahisi kuna kitu hakikukaa hata kama hawezi kukitaja.

Njia hiyo haifai kwa taksimu, ule utangulizi wa ala moja usiofuata mapigo maalumu. Mpiga udi anayefungua kwa taksimu hafuati kliki (mlio wa kuhesabu mapigo), na ukimlazimisha utapata noti sahihi zisizo na uhai. Mwonyeshe picha badala yake. Weka mstari unaotembea kwenye video sekunde tatu kabla ya tukio, na umwombe: "Maalim, mstari ukifika ukingoni, tua." Rekodi mara kadhaa. Baadaye ijenge ramani ya tempo juu ya alivyopiga, ili fidla na ala ya kanuni zimfuate yeye.

Kwenye gridi kumekaa, sikioni hakukai

Namba zote sawa, lakini pigo linahisi limelala. Angalia ala. Dumbaki hupasuka papo hapo. Fidla za kompyuta zenye upinde laini huchukua muda kujaa, na noti uliyoiweka juu ya fremu husikika kamili baadaye. Uwahishe mstari huo mzima kwa ucheleweshaji hasi, ukianza na milisekunde 60 na kuongeza kwa sikio, badala ya kuvuta noti moja moja. Plagini, zile programu ndogo za ala na madoido ndani ya programu yako, nazo zina ucheleweshaji wake. Hakikisha fidia yake imewashwa.

Kuhusu mkato wa picha, mimi huweka pigo fremu moja au mbili baada yake, si juu yake. Sikio la binadamu limezoea sauti kufika nyuma ya picha, kama shoka la mvuvi wa ng'ambo ya kivuko. Hata kanuni ya utangazaji ya EBU, umoja wa watangazaji wa Ulaya, huvumilia hivyo: sauti inaruhusiwa kuchelewa milisekunde 60 lakini kutangulia 40 tu.

Kwangu sawa, kwa edita si sawa

Mara nyingi kosa liko kwenye faili ulilotuma. MP3 na AAC huongeza kimya kidogo mwanzoni kwa sababu ya jinsi zinavyobana sauti. AAC kwa kawaida huongeza sampuli 2,112, ambazo kwa 48,000 ni milisekunde 44. Fremu moja imeshapotea kabla edita hajagusa kitu. Programu zingine huikata, zingine haziikati, ndiyo maana mnabishana kila mmoja akiwa mkweli. Tuma WAV ya biti 24 na sampuli 48,000, daima.

Toa muziki kuanzia bipu ya 00:59:58:00 hadi mwisho wa filamu kama mstari mmoja mrefu, hata kama kuna dakika nzima za kimya kati ya vipande, na uweke bipu nyingine ya fremu moja sekunde mbili baada ya picha ya mwisho. Ukituma vipande mbalimbali, taimkodi ya kuanzia iwe kwenye jina la faili. Uliza pia filamu inakwenda wapi: nakala ya DCP ya ukumbi wa sinema mara nyingi huombwa kwa fremu 24, na filamu ya 25 ikipunguzwa hivyo inarefuka kwa asilimia 4.2 pamoja na muziki wako. Ukijua mapema, mtaamua pamoja kama sauti ishuke au ibaki kwenye toni yake. Edita akishaweka mstari wako, akutumie picha ya kioo chake kwenye bipu zote mbili, ya mwanzo na ya mwisho, taimkodi ikionekana.